Kocha mdogo kuliko mchezaji wake, na baba aliyesema 'jikaze'

Mtoto alitapika saa nane usiku, mara ya kwanza kwenye shuka, mara ya pili bafuni. Baba yake alidhani ni soseji alizokula uwanjani. Mama, aliyekuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alipopigiwa simu aliuliza jambo moja tu.

"Leo aligongwa kichwani?"

Baba alinyamaza. Alikuwa uwanjani mchana ule. Aliuona mpira ukikwaruza gongo la mpigaji, ukabadili njia na kumpiga kijana wake kwenye kinyago cha chuma. Alimwona akitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni. Yeye mwenyewe, kutoka kwenye viti vya wazazi, ndiye aliyepaza sauti kwa Kiswahili ili Wazungu wasielewe: "Jikaze, mwanangu! Wewe mwanaume!"

Mtoto alijikaza. Alicheza raundi tatu zaidi.

Ilikuwa Julai 2018, Brooklyn Park, mji ulio kaskazini ya Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kijana alikuwa na miaka 10. Baba ni mtu wa Tanga, dereva wa basi, shabiki wa Coastal Union tangu timu hiyo ilipochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, naye akiwa mtoto wa miaka 12. Besiboli aliikuta ukubwani. Aliipenda kwa sababu mtoto aliipenda, na kwa sababu jirani yao mzee aliwapa jezi kuukuu yenye namba 7 mgongoni, jezi ya Joe Mauer.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: mrushaji anarusha mpira mdogo mgumu, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo kisha akimbie kwenye vituo vinne. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, amevaa kinyago, ngao ya kifua na kinga za miguu. Yeye ndiye anayedaka kila kinachompita mpigaji. Kwa wakubwa mpira unakuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Ukiguswa kidogo tu na gongo, unaweza kuishia usoni mwa mdakaji kabla hajapepesa jicho. Kinyago kinazuia mfupa usivunjike. Hakizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Hilo ndilo alilolisema daktari asubuhi ile. Mtikisiko wa ubongo. Picha haikuhitajika, kwa kuwa mtoto alikuwa ameamka vizuri, anaongea sawasawa, na kutapika kumekoma. Lakini mwanga ulimuumiza macho, kichwa kiligonga, na alipoulizwa mechi iliishaje hakukumbuka.

Wazazi wengi hudhani mtikisiko wa ubongo ni mpaka mtoto azimie. Si kweli. Wengi hawazimii kabisa. Mtoto anakuwa kama mwenye usingizi, anasahau, anakasirika bila sababu, analalamika kelele, au anasema tu kwamba hajisikii vizuri. Akitapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakizidi, mboni za macho zisipolingana, akipata degedege, akiongea kama mlevi, mkono au mguu ukilegea, au akishindwa kuamshwa, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Ni hospitali.

Na kuna sheria moja ambayo Minnesota imeiandika kwenye vitabu vyake tangu 2011: mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko anatolewa mchezoni, wala harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba anaweza. Baba alikuwa ameisaini karatasi inayoeleza hayo mwanzoni mwa msimu. Aliisaini kama watu wanavyosaini karatasi za benki.

Mtoto alipumzika siku mbili za mwanzo, kisha akaanza kutembea kidogo kidogo, akasoma kwa vipande, akarudi kwenye baiskeli. Kabla ya wiki ya nne kichwa kilikuwa kimetulia. Msimu wa watoto ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ndani ya nyumba ni swali ambalo hakuna aliyetaka kulianza: mwakani anacheza, hachezi? Na akicheza, anarudi kuchuchumaa nyuma ya mpigaji?

Mama alikuwa na jibu. Baba alikuwa na jibu. Hayakufanana, kwa hiyo waliongea habari za Twins.

Minnesota Twins ni timu yenye jina lenye maana ya mapacha, kwa sababu ya miji miwili inayotazamana, Minneapolis na St. Paul. Mwaka 2018 ilishinda mechi 78 na kupoteza 84. Tarehe 2 Oktoba ilimwachisha kazi kocha wake mkuu, Paul Molitor, mtu wa St. Paul mwenye miaka 62, ambaye mwaka mmoja tu kabla alichaguliwa kocha bora wa ligi yake. Baba, aliyezoea mambo ya Simba na Yanga, hakushangaa. Kocha ni mgeni hata akiwa kwao.

Kilichomshangaza ni aliyekuja. Mwisho wa Oktoba timu ilimtangaza Rocco Baldelli, miaka 37, kocha mkuu mdogo kuliko wote kwenye ligi kuu ya Marekani wakati huo, na wa kwanza kushika kazi hiyo aliyezaliwa miaka ya 1980. Hakuwahi kuwa kocha mkuu popote kwenye ligi hiyo. Alitoka Tampa Bay, alikokuwa kwenye benchi la ufundi. Bosi aliyemwajiri, Derek Falvey, naye alikuwa hajafika miaka 40.

Kisha benchi lenyewe. Kocha wa warushaji, Wes Johnson, alichukuliwa moja kwa moja kutoka chuo kikuu cha Arkansas, bila kupitia timu yoyote ya kulipwa, jambo ambalo halijazoeleka kabisa kwenye mchezo huo. Wa kumsaidia ni Jeremy Hefner, miaka 32, aliyekuwa mrushaji wa New York Mets mpaka kiwiko chake kilipofanyiwa upasuaji mara mbili kikakataa. Kwenye kituo cha kwanza wakamweka Tommy Watkins, miaka 38, aliyekuwa akifundisha timu za vijana za klabu hiyohiyo.

"Hii timu au jumuiya ya wanafunzi?" baba aliuliza mezani.

Ijumaa moja walipompigia simu bibi, mama yake baba, aliye Tanga, habari hiyo ilifika mpaka kwake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kichwa kimepoa?"

"Kimepoa, Bibi."

"Alhamdulillah. Na huo mpira wenu ndiyo kama rede?"

Mtoto hakuijua rede. Baba aliichukua simu na kueleza, na katika kueleza akaingiza malalamiko yake kuhusu kocha kijana atakayeongoza watu wazima. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Imamu wa msikiti wetu hapa mtaani ana miaka mingapi?"

"Sijui, Mama. Thelathini?"

"Ishirini na nane. Na mababu wanasimama nyuma yake. Anajua kusoma, hajui?"

Baba hakuwa na la kujibu, ila alibaki na shaka. Na shaka yake haikuwa ya kipuuzi. Desemba ilipoingia, Twins ilikuwa inamfuatilia Nelson Cruz, mpigaji kutoka Jamhuri ya Dominika, na mwanzoni mwa Januari ikamtangaza rasmi. Cruz alizaliwa Julai 1980. Baldelli alizaliwa Septemba 1981. Mchezaji alikuwa amemzidi kocha wake mwaka mzima na zaidi. Baba alilisoma hilo kwenye simu akiwa kwenye kituo cha mabasi, akacheka peke yake. Kwa desturi za kwao, Baldelli ndiye angepaswa kumwamkia Cruz kila asubuhi kabla ya kumwambia akakimbie.

Usajili haukuishia hapo. Brian Dozier na Eduardo Escobar, vipenzi vya mashabiki, walikuwa wameuzwa tangu Julai. Akaja C.J. Cron, ambaye timu yake ya Tampa Bay ilimwachia japo alikuwa ametoka kupiga mipira 30 ya kuvuka uzio. Akaja Jonathan Schoop wa kisiwa cha Curaçao, akaja Marwin González, anayeweza kusimama karibu kila nafasi uwanjani. Vijana wawili wa nyumbani, Max Kepler na Jorge Polanco, wakapewa mikataba ya miaka mitano. Huyu Kepler kazaliwa Berlin, na wazazi wake wote wawili walikuwa wacheza baleti. Mama alilipenda hilo kuliko takwimu zote.

Lakini kabla ya hao wote kuja, mmoja aliondoka, na kuondoka kwake ndiko kulikoingia ndani ya nyumba ile.

Joe Mauer alizaliwa St. Paul, akachaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2001 na timu ya mtaani kwao, na hakuwahi kuvaa jezi nyingine. Alikuwa mdakaji. Alishinda taji la mpigaji bora wa ligi yake mara tatu, 2006, 2008 na 2009, jambo ambalo hakuna mdakaji mwingine aliyewahi kulifanya. Timu ikampa mkataba wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 184.

Julai 2013 mke wake alijifungua mapacha wa kike. Tarehe 19 Agosti mwaka huohuo, watoto wakiwa hawajatimiza mwezi, mpira uliokwaruza gongo la mpigaji wa Mets ulimpiga kwenye kinyago.

Mama alilirudia hilo mara mbili. Hawajatimiza mwezi. Yeyote aliyewahi kulea hata mtoto mmoja mchanga anajua nyumba ya wiki ya nne inavyokuwa: kilio, taa inawaka saa tisa usiku, usingizi wa vipande. Hivyo vyote ndivyo ubongo uliotikisika usivyoviweza. Mauer hakucheza tena msimu ule, na Novemba timu ikatangaza kwamba hatadaka tena. Akahamishiwa kituo cha kwanza, nafasi ya watu wasiogongwagongwa. Wapo mashabiki waliomnung'unikia kwa miaka, kwamba analipwa fedha za mdakaji bora duniani huku akisimama pembeni. Mtu akivunjika mguu watu wanaiona plasta. Aliyetikisika ubongo anaonekana mzima.

Mei 2018, akikimbilia mpira uliotoka nje, alianguka na dalili zikarudi.

Siku ya mwisho ya msimu, 30 Septemba, familia ya Brooklyn Park iliangalia kwenye televisheni. Wale mapacha, sasa wana miaka mitano, walimkimbilia baba yao pale kituo cha kwanza wakamkumbatia mbele ya uwanja mzima. Baadaye akapiga mpira mzuri uliomfikisha kituo cha pili. Na raundi ya mwisho akatoka akiwa amevaa vifaa vya mdakaji, kinyago na ngao, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Alichuchumaa. Alidaka mpira mmoja. Akaondoka.

Kijana wao alisimama sebuleni wakati wote huo. Baba pia.

Novemba Mauer alitoa barua ya wazi kwa mashabiki. Alieleza kwamba anaacha, na sababu kubwa ni afya yake na familia yake: hatari ya kugongwa tena kichwani, mabinti zake, na mtoto wa tatu aliyekuwa njiani. Alikuwa na miaka 35.

Mama aliisoma barua yote kwa sauti, akiitafsiri kadiri alivyoendelea, kisha akaweka simu mezani kifudifudi. Hakusema neno. Mume wake alisema baadaye kwamba ingekuwa heri angesema.

"Mauer ana hela," baba alisema hatimaye. "Mtu mwenye milioni mia na themanini anaweza kuacha."

"Na sisi tuna nini cha kutuzuia tusiache?" mama aliuliza. "Mwanao analipwa?"

Ulikuwa ugomvi wao wa pekee wa majira yale ya baridi, na haukuwa mkubwa. Ila Februari, ilipofika siku ya kulipa ada ya uandikishaji, fomu ilikaa juu ya friji siku tisa. Kijana aliipita kila asubuhi akienda kuchukua maziwa. Hakuiulizia. Mtoto anaponyamaza namna hiyo, mzazi anasikia kuliko angelia.

Wakati fomu ikiwa juu ya friji, baba alikuwa anasoma habari za Baldelli. Alianza kwa kutafuta sababu ya kumdharau, akakuta mengine.

Baldelli alikuwa mchezaji kijana wa kutabiriwa makubwa. Mwaka 2003, msimu wake wa kwanza, alipiga mipira 184 ya kumfikisha kituoni. Mwaka uliofuata, baada ya msimu, alichana mshipa wa goti akicheza besiboli nyumbani na mdogo wake. Si uwanjani mbele ya maelfu, nyumbani, na mtoto. Akiwa anapona, kiwiko nacho kikahitaji upasuaji. Kisha likaja tatizo lisilo na jina. Alikuwa akifanya mazoezi kidogo na mwili unaisha kama betri. Mapema 2008, akiwa na miaka 26, alitangaza kwamba hawezi kucheza na madaktari hawana uhakika ni nini.

Walidhani mwanzo ni ugonjwa wa vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Baadaye wakaona ni kasoro ya milango ya seli za misuli, ile inayopitisha madini kama sodiamu na potasiamu. Milango hiyo isipofunguka na kufungwa kwa wakati, msuli unachoka kabla ya kazi. Tatizo hili lina nafuu ya kutibika kuliko lile la kwanza, lakini uchezaji wa kila siku haukurudi. Kwenye fainali za 2008 alipiga mpira mmoja ukavuka uzio. Mwanzoni mwa 2011, akiwa na miaka 29, alistaafu.

Kwa hiyo kijana yule wa miaka 37 alikuwa ameshastaafu mara moja. Alikuwa ameshajua maana ya kumwambia kocha "nimechoka" na kuona usoni mwake kama anaaminiwa au la.

Na alijizungushia wakubwa pia, jambo ambalo baba alilikubali kwa furaha kidogo. Alimleta Bill Evers, mzee wa miaka zaidi ya 60, ambaye mwaka 2002 ndiye aliyekuwa kocha wa Baldelli mwenyewe kule Durham, kwenye timu ya daraja la chini. Bibi alipoambiwa hilo alisema, "Ehe, huyo kijana ana akili. Mkubwa ni jalala, lazima awepo wa kutupiwa lawama."

Siku ya kumi baba aliijaza fomu. Kwenye nafasi ya uchezaji aliandika kwamba mtoto asiwe mdakaji. Mama alisaini chini yake. Kijana alipoona alisema "sawa" kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu lakini akabakiziwa kingine.

Timu yao ya watoto nayo ilikuwa imepata kocha mpya: mwanafunzi wa chuo, miaka 21, mwenye chunusi. Mazoezi ya kwanza aliwauliza watoto mmoja mmoja jana walilala saa ngapi. Baba, aliyesimama nyuma ya uzio, alimtazama mwenzake wa Liberia aliye pembeni, nao wote wawili wakatikisa vichwa.

Lakini kule Twins nako ilikuwa habari ya usingizi. Timu za ligi hiyo zinacheza mechi 162 kwa miezi sita, karibu kila siku, kwa kusafiri usiku. Desturi ya miaka mingi ilikuwa kwamba mchezaji mwenye bidii anafika uwanjani mchana kwa mechi ya saa moja usiku, anapiga mipira mpaka mikono imeota sugu, kisha ndipo anacheza. Baldelli aliwaambia waje baadaye. Waliotoka safari ndefu walale. Waliochoka wapumzishwe hata kama takwimu zao ni nzuri. Nelson Cruz, ambaye siku zote hupenda kulala kidogo kabla ya mechi, aliwekewa chumba cha kupumzikia palepale uwanjani, na wenzake nao wakakizoea.

Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, wataalamu wa watoto wa Marekani wanashauri saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Kwa kijana wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10. Mama alizihesabu za mwanawe akakuta saba na nusu, kwa sababu alikuwa anamsubiri baba arudi kutoka zamu ya jioni ili waangalie marudio ya mechi pamoja. Hapo hakuna wa kulaumiwa sana. Baba anayefanya kazi mpaka saa nne usiku naye anataka kumwona mwanawe. Waliamua marudio yaangaliwe asubuhi ya Jumamosi, pamoja na chapati.

Jumamosi zile zikawa tamu, maana Twins ilikuwa imegeuka kitu kingine. Mipira ilikuwa inavuka uzio kila siku. Eddie Rosario wa Puerto Rico alizoea kuita mpigo wa namna hiyo "bomba", yaani bomu kwa Kihispania, na jimbo zima likaanza kusema hivyo. Kijana hakuelewa kwa nini wazazi wake wanacheka. Baba alimweleza kwamba kwao bomba ni la maji, lakini vijana wa Dar nao husema kitu ni bomba wakimaanisha ni kizuri mno, kwa hiyo Rosario hajakosea.

Mei, siku ya Jumanne, kijana aliteleza kuingia kituo cha pili na goti la mtoto mwingine likamgonga juu ya sikio. Kofia ngumu ilikuwa kichwani. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akageuka kwenye viti vya wazazi.

"Niko sawa, Baba!"

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, akitabasamu. Timu ilikuwa nyuma kwa pointi moja.

Yule kocha wa miaka 21 alikuwa ameshafika kwake. Alimwangalia macho, akamuuliza maswali mawili matatu, akamshika bega na kumwongoza nje. Kijana aliangua kilio, na si cha maumivu. Mzazi mmoja alipiga kelele kwamba mtoto mbona ni mzima. Baba alikuwa ameshasimama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Akaufunga. Akashuka ngazi, akachukua begi la mwanawe na chupa yake ya maji, akamwambia kocha, "Asante, Kocha." Lilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Garini walinyamaza mpaka taa za tatu za barabarani.

"Mwaka jana nilikukosea," baba alisema.

Kijana alitazama dirishani.

"Nilikwambia ujikaze. Ulikuwa unaumwa, nami nikakwambia ujikaze."

"Nilijikaza, Baba."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Wanaume wa rika lake hawakulelewa kuomba radhi kwa watoto, na hata siku ile hakulitumia neno lenyewe la samahani. Mama alisimuliwa na mtoto, siyo na mume wake. Kliniki walimpima kijana, wakasema kuna dalili kidogo, apumzike, arudi kwa hatua. Alikosa mechi tano. Aliporudi alicheza kituo cha kwanza, kama Mauer.

Twins ilimaliza msimu na ushindi wa mechi 101. Ilivusha uzio mipira 307, rekodi ya ligi kuu kwa msimu mmoja, mmoja tu zaidi ya Yankees. Wachezaji watano walifikisha mipira 30 au zaidi kila mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye timu moja. Cruz, yule mkubwa wa kocha, aliongoza kwa 41. Baldelli alichaguliwa kocha bora wa ligi yake. Na baada ya msimu benchi lilianza kuporwa, kama ilivyo kawaida ya mti wenye matunda: Derek Shelton akaenda Pittsburgh kuwa kocha mkuu, James Rowson akaenda Miami, Hefner akarudi Mets.

Lakini mtoano ulikuwa habari nyingine. Yankees walishinda mbili za kwanza New York. Ya tatu ilichezwa Minneapolis Jumatatu, 7 Oktoba, usiku. Kesho yake ni shule, lakini kwa siku ile moja mama alitoa ruhusa, na baba alibadilishana zamu.

Mpaka raundi ya saba Yankees walikuwa wanaongoza. Kijana alikuwa amejilaza kwenye kochi na jezi kuukuu ya namba 7, ambayo sasa ilikuwa inambana mabegani. Alisema anapumzisha macho tu. Raundi ya tisa ilipoanza alikuwa anakoroma.

"Muamshe aone mwisho," mama alinong'ona. "Atakuja kukulaumu."

Baba alichukua rimoti akapunguza sauti. Ilipokuwa 5-1 na mpigaji wa mwisho ametolewa, aliizima, akamvua mtoto viatu, na kumfunika kwa khanga ya mama yake iliyokuwa karibu.

Asubuhi kijana aliuliza imekuwaje.

"Wamefungwa."

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala," baba alisema, akamsogezea chai.